Dawa ya majani haipendi maji ya matope

Wandugu wanakooperative, musimu uliopita mama mmoja mwenye shamba la mihogo, huku bonde la Ruzizi, alituonyesha majani mabichi kabisa, majuma mawili kisha kupiga dawa. "Hii dawa iko ya bure, banatuibia!" Alikuwa ameisha kununua chupa ya pili. Tukamuuliza maji alitoa wapi. Mu mufereji, kisha mvua, maji mekundu.

Dawa yake ilikuwa glifosate, na haikuwa mbaya. Nguvu yake iliishia ndani ya pompi.

Sisi wote tunajua mawe ya radio: kuna upande wa + na upande wa −. Chembe ndogo za udongo na za dawa nazo zina umeme wa namna hiyo. + na − zinavutana, − na − zinasukumana. Udongo wa mfinyanzi una − nyingi. Parakwate ina + mbili, basi inanata hapo hapo. Glifosate inashikwa zaidi na chuma na aliminiumu ya udongo mwekundu. Ukikoroga dawa hizo na matope, udongo unakunywa dawa mbele ya majani kuipata.

Tena, dawa nyingi zinaoza shambani kwa sababu vidudu visivyoonekana vinazikula. Dawa iliyonata, vidudu haviifikii vizuri. Ndiyo maana parakwate inaweza kukaa katika udongo miaka mingi. (Ile ya ndani ya chupa ni hatari nyingine: kuimeza kidogo tu kunaua, na hospitali haina dawa ya kuizuia. Watoto wasiione kabisa.)

2,4-D ni kinyume. Ina −, sawa na udongo, kwa hiyo haishikwi sana. Vidudu vinaimaliza upesi, mara nyingi kwa majuma machache. Lakini mvua kubwa ikianguka kesho yake, dawa inafika mtoni mbele ya kuliwa, na huko chini kuna watu wanaochota. Mukiona mawingu, ngojeni. Na pompi isioshwe kwenye chanzo cha maji, hata kama ni karibu.

Kupima maji ni rahisi: jaza chupa nyeupe, weka kipande cha gazeti nyuma yake. Kama herufi hazisomeki, maji hayo si ya dawa. Yule mama aliweka chupa yake ya pili kando, akatega ndoo chini ya mabati.