Koa wa bahari si jongoo bahari
WAPO wafasiri wanaomwita koa wa bahari ‘jongoo bahari’. Ninapinga matumizi hayo. Jongoo bahari, anayevuliwa Pwani yetu na kuuzwa Uchina, ni jamaa ya kiti cha pweza. Koa ni jamaa ya konokono, ila hana gamba. Binamu yake ni pweza mwenyewe, si kiti chake!

Mtazame Aeolidia papillosa wa maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini. Hukua hadi sentimita 12 hivi, na mgongo wake umejaa vinyama vinavyofanana na manyoya. Hula anemoni, mnyama wa baharini mwenye minyiri inayowasha kama upupu. Ajabu ni kwamba baadhi ya chembe hizo za kuwasha hazisagwi tumboni. Huhifadhiwa kwenye ncha za vinyama vile, zikawa silaha yake. Kumbe mla adui hurithi upanga!

Linnaeus alipompa jina mnamo 1761, alimwita Limax papillosus: ‘koa mwenye vichuchu’ kwa Kilatini. Hakubuni neno, aliazima la nchi kavu. Basi nasi tuhangaikie nini, ilhali ‘koa’ limo kamusini?