Umri wa Mpira Si Ushahidi wa Mechi

Mnunuzi wa mpira mkuukuu wa besiboli nchini Marekani ana maswali mawili, na wauzaji hupenda kuyachanganya: mpira huu ulitengenezwa lini, na je, kweli ulitumika katika mechi inayotajwa? La kwanza mpira wenyewe hulijibu vizuri. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mipira rasmi ilipigwa chapa yenye jina la rais wa ligi. William Harridge aliongoza American League kuanzia 1931 hadi 1959, kisha akaja Joe Cronin. Basi mpira wenye jina la Cronin unaodaiwa kupigwa na Babe Ruth, aliyeacha kucheza 1935, hauhitaji hata mtaalamu. Nyuzi nazo husema: hadi miaka ya 1930 American League ilishona kwa bluu na nyekundu, National League kwa nyeusi na nyekundu, kisha zote zikabaki na nyekundu tupu. Ngozi ya farasi ilianza kuiachia nafasi ngozi ya ng'ombe mwaka 1974.

Lakini ushahidi huu wote kazi yake ni kukanusha tu. Mghushi hodari hahangaiki kutengeneza mpira. Hutafuta wa zamani ulio halali, akautungia hadithi. Wapo watakaotaja matope ya Lena Blackburne, yanayochotwa New Jersey, ambayo American League ilianza kuyatumia 1938 kuondoa utelezi. Matope hayo hupakwa kabla ya mechi, kwa hiyo hata mpira ambao haukurushwa hata mara moja huwa nayo. Wengine hutoa barua ya familia. Hiyo ina uzito zaidi, hasa ikiandikwa wakati uleule. Ikiandikwa miaka 40 baadaye, pengine siku ya kuuza, inathibitisha kumbukumbu tu.

Kipimo hiki cha kudai kumbukumbu za wakati uleule, wataniambia, kinaonea mipira mingi ya kweli ambayo wenyewe hawakuweka kumbukumbu. Ni kweli kinaionea. Ila ligi zenyewe zimekikubali: mwaka 1998 mipira aliyorushiwa mchezaji Mark McGwire ilitiwa alama za siri, na tangu 2001 wakaguzi hukaa uwanjani, wakabandika stika yenye namba papo hapo. Mpira wa 1935 usiojulikana umepita mikononi mwa nani uuzwe kama mpira wa 1935, na bei yake iwe hiyo.