NDOA IKIVUNJIKA: HAKI ZA MUME NA MKE

Katika vijiji vya Mto Tana, kama Hewani karibu na Garsen, mali ya mume na mke mara nyingi imo shambani: mpunga, migomba na miembe waliyoipanda pamoja. Ndoa yao ikivunjika, huulizwa hivi: Je, mke aliyelima shamba hilo miaka mingi atatoka mikono mitupu? Sheria ya Kenya imelijibu swali hilo, na yafaa kila msomaji, wa shamba na wa mjini, aifahamu.

Ndoa za namna tano

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya serikali ifungwayo mbele ya msajili, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kila ndoa yapasa kuandikishwa, na wanaooana wawe wametimiza miaka 18. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, yasema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa, na ndoa inapovunjwa.

Nani avunjaye ndoa?

Wako watu wadhanio kwamba mahari ikirudishwa mbele ya wazee, ndoa ya kimila imekwisha. Sivyo. Wazee wana kazi kubwa ya kusuluhisha, na sheria yaiheshimu kazi hiyo. Lakini suluhu ikishindikana, ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama. Ndivyo ilivyo pia kwa ndoa ya Kikristo na ya serikali. Mwenye kuomba talaka hana budi kuonyesha sababu, kama vile uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa muda wa miaka 3 au zaidi, au ndoa kuharibika kiasi cha kutoweza kutengenezwa tena. Mtu wa Hewani aweza kupeleka ombi lake katika mahakama ya hakimu iliyoko Garsen. Ndoa ya Kiislamu hufuata sharia ya Kiislamu, na mashauri yake husikilizwa na Kadhi.

Jambo hili si dogo. Mtu aliyeachana na mwenzake kwa maneno tu bado amefungwa na ndoa ile, na siku ya kifo chake yule waliyeachana aweza kuja kudai urithi.

Jembe nalo lahesabiwa

Kwa miaka mingi mahakama za Kenya zilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 katika kugawa mali ya mume na mke. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ilileta utaratibu mpya. Mchango si fedha peke yake: kazi za nyumbani, kulea watoto, kuangalia biashara ya jamaa na kulima shamba, yote huhesabiwa. Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa hauna maana ya kugawa nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango aliouthibitisha. Kuhusu ardhi ya ukoo, mahakama huziangalia pia mila na haki za vizazi vijavyo, mradi zisipingane na Katiba. Mwislamu aweza kufuata sharia ya dini yake katika mambo haya.

Waishio pamoja bila ndoa

Siku hiyohiyo Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuishi pamoja miaka mingi hakutoshi kuwafanya watu kuwa mume na mke. Adaiye kwamba ndoa ilikuwapo ndiye apaswaye kuthibitisha. Hata hivyo, aliyechangia kununua au kujenga aweza kudai sehemu yake ya mali. Ama watoto, hawapotezi kitu: baba na mama wanawajibika sawa kuwatunza, wawe wameoana au hawakuoana.

Mambo ya kufanya

Andikisheni ndoa zenu, na cheti kihifadhiwe mahali salama. Wekeni stakabadhi za mbegu, mabati na karo za shule, na wakumbukeni majirani walioiona kazi yenu, kwani hao ndio mashahidi. Mambo yakiharibika, anzeni kwa wazee, lakini msiishie hapo. Haki isiyo na ushahidi ni vigumu kuipata mahakamani.