Alamu ya pikipiki: gharama au kinga?

BABATI: Mwenye bodaboda ya mkataba mjini hapa hujiuliza: je, alamu ya wizi inarudisha bei yake?

Tuchukue mfano. Pikipiki imegharimu Sh. 3,000,000 na alamu Sh. 60,000, yaani asilimia 2 ya mtaji. Alamu itajilipa ikiwa kati ya pikipiki 50 zilizofungwa itaokoa moja tu.

Lakini huokoa ile iliyoegeshwa, tena palipo na watu wa kusikia kelele: sokoni, stendi, nje ya nyumba ya wageni. Haimsaidii dereva anayeporwa njiani usiku, wala tajiri ambaye dereva wake ametoroka na chombo. Pia hula betri pikipiki ikikaa siku nyingi bila kuwashwa.

Bima ndogo, iliyo ya lazima kisheria, hailipi wizi. Bima kubwa ndiyo hulipa. Aliyenunua kwa mkopo akumbuke kuwa pikipiki ikiibwa, marejesho hubaki palepale.

Ushauri wetu: kwanza mkataba wa maandishi wenye mdhamini, pili kufuli imara, tatu alamu. Anayelaza pikipiki ndani ya geti anaweza kusubiri.