Kusi livumapo, nyangumi huwapa kibarua manahodha wa Watamu

Mwezi Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufuo wa Watamu katika Kaunti ya Kilifi huwa na baridi ya kumfanya mwenyeji atafute sweta. Kusi limevuma usiku kucha, na nje ya mwamba mawimbi yanaonekana meupe kutoka mbali. Kwa miaka mingi hii imekuwa miezi ya kupandisha mashua pwani, kuzipiga rangi na kungoja Desemba. Mabaharia huenda kutafuta vibarua vya mjengo, na kina mama wanaouza samaki na vitambaa huhesabu wateja kwa vidole vya mkono mmoja.

Siku hizi baadhi ya mashua hizo huondoka alfajiri hata kusi likivuma. Zinafuata nyangumi.

Kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu husafiri zaidi ya kilomita 5,000 kutoka bahari ya barafu ya Antaktika hadi maji ya uvuguvugu ya Afrika Mashariki ili kuzaa na kupandana. Mkubwa wao hufika urefu wa mita 13 hadi 15 na uzani wa tani 30 hivi, na mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita nne. Mama hali karibu chochote kwa miezi yote hiyo. Humnyonyesha mtoto kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na ndiyo sababu kumfukuza huku na huku kwa injini ni kumpotezea akiba ambayo hana pa kuijazia hapa kwetu.

Wavuvi wamewaona nyangumi hawa tangu jadi. Lililobadilika ni kwamba idadi yao imeongezeka tangu kuwaua katika nusu ya kusi ya dunia kupigwe marufuku mwaka 1963, na kwamba kuna watu wanaowaandika. Tangu 2011, manahodha wa uvuvi wa kitalii, wapiga mbizi na watafiti wamekuwa wakiripoti nyangumi na pomboo wanaowaona kupitia mtandao wa wanyama wa baharini wa Kenya. Kutoka kwenye daftari hizo ikadhihirika kwamba Watamu ilikuwa na bidhaa ya kuuza katika miezi ambayo kila mtu aliiita ya njaa. (Kisiwa kilichoko mlangoni mwa Hori la Mida kinaitwa kwa Kiingereza Kisiwa cha Nyangumi, ila jina hilo lilitokana na umbo lake.)

Hata hivyo, biashara hii si ya kukurupukia. Mafuta ya injini hulipwa nyangumi aonekane asionekane, na hakuna anayeweza kuwapangia nyangumi saa. Kwa sababu hiyo safari moja hugawanywa kwa kundi la abiria, wala si kwa mtu mmoja au wawili. Nahodha mwaminifu huwaambia wateja mapema kwamba huenda wakarudi wameona mawimbi na pomboo tu. Anayeahidi nyangumi kwa hakika ili ajaze viti hupata pesa za siku hiyo na kupoteza wateja wa msimu mzima.

Asubuhi ndiyo saa yenyewe, kwa kuwa upepo huzidi nguvu mchana. Jaketi za kuokolea maisha ni lazima kwa kila abiria, na mashua iwe na leseni na ukaguzi. Mnyama akionekana, injini hupunguzwa na mashua hukaa umbali usiopungua mita 100, bila kumkatia njia wala kuingia kati ya mama na mtoto. Sharti hili ndilo gumu kulitii. Abiria aliyelipa anataka picha ya karibu, nahodha wa pili anasogea, na wa kwanza naye anaona akibaki nyuma ataonekana mjinga. Wakifanya hivyo kila siku, nyangumi atahamia kwingine, na hasara itakuwa ya wote wawili.

Kwa mgeni asiyestahimili mawimbi, au siku ambayo bahari imechafuka kabisa, kuna Hori la Mida. Hapa kusi halina nguvu. Hori hili lina ukubwa wa kilomita 32 mraba hivi na limezungukwa na mikoko, na ndipo vijana wa vijiji vya Mida na Dabaso hupitisha wageni kwa mitumbwi na kayaki, ile mitumbwi myembamba ya kasia la pande mbili. Mtaji wake ni mdogo ukilinganishwa na wa mashua: hakuna injini wala mafuta.

Kinachohitajika ni kujua maji. Hori hujaa na kukauka mara mbili kwa siku, na anayechelewa hujikuta akiburuta kayaki kwenye tope hadi magotini. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi jioni. Safari huanza saa tisa na kurejea kabla jua halijatua. Siku za maji mafu, kujaa huangukia asubuhi kati, lakini maji hayapandi sana na vijia vya ndani ya mikoko havipitiki. Hoteli nyingi hupanga safari kwa saa inayofaa jikoni mwao. Wenye mitumbwi hulazimika kuwaeleza kwamba bahari ina ratiba yake.

Kiongozi mzuri hapigi kasia tu. Huonyesha mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaotoa chumvi kwenye majani, mkandaa, muia na mkomafi wenye tunda kubwa kama mpira. Humweleza mgeni kaa hukaa wapi, kisha humpeleka kumla Dabaso, ambako kikundi cha wenyeji kina mkahawa uliojengwa kwa nguzo juu ya mikoko. Kwa hiyo mapato ya safari moja huwafikia mpiga kasia, mvuvi wa kaa na mpishi.

Bamvua ya saa kumi jioni maana yake ni kupwa saa nne asubuhi, na hapo ndipo kutembea kunapofaa. Ng'ambo ya barabara kuu ya Mombasa-Malindi uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita 420 mraba, mkubwa kuliko misitu yote ya pwani ya aina yake iliyosalia Afrika Mashariki. Baada ya mvua ya masika, njia zake huwa na ubaridi, na mtu anaweza kutembea saa tatu bila kuchoka. Humo hupatikana njule mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, bundi mdogo wa Sokoke, zaidi ya aina 230 za ndege na takriban aina 260 za vipepeo. Ukifika genge la Nyari unaona msitu chini yako, hori, na bahari kwa mbali.

Msitu huu umezungukwa na wakulima ambao mahindi yao huliwa na nyani na, wakati mwingine, ndovu. Kwao, mti ni mkaa na nguzo mpaka uwe na faida nyingine. Mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993 pale Gede, huwanunulia vipepeo waliofugwa ambao bado wako ndani ya vifuko vyao na kuwauza kwa maonyesho ya ng'ambo. Tangu 2001, mpango mwingine hutumia ada za daraja la kamba na mbao linaloning'inia juu ya mikoko ya Mida kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu na hori. Wageni wakipungua, wanaotaabika si wenye hoteli pekee.

Na wageni hupungua. Mwaka 2014, baada ya Uingereza kuwaonya raia wake dhidi ya Mombasa, kampuni za watalii zilisitisha ndege zao na hoteli kadhaa za Pwani zikafungwa. Machi 2020 korona ikafunga safari za kimataifa hadi Agosti 1. Waliosalia na kazi, hata kidogo, ni waliokuwa wamezoea kumhudumia Mkenya anayekuja na familia kwa gari au kwa treni ya Madaraka Express hadi Mombasa. Likizo ya shule ya Agosti huangukia katikati ya msimu wa nyangumi, na Waitaliano, wageni wa tangu zamani wa Watamu, huchukua likizo zao mwezi huohuo.

Septemba ikiisha, nyangumi hurudi kusini wakiwa na watoto wao. Wakati huohuo ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia huanza kutua kwenye tope la Mida, upepo hutulia, na mashua hufungwa mishipi ya sulisuli na nduaro.