Mtaa kwa Mtaa: Kamera ya Simu Katika Huduma ya Afya ya Jamii

Katika faili la mgonjwa kuna mstari ambao hujazwa haraka kuliko mingine yote: mahali anapoishi. Mgonjwa husema “Buguruni” au “Manzese”, mhudumu huandika, na mazungumzo yakahamia kwenye homa, kikohozi au shinikizo la damu. Hata hivyo, nyuma ya neno hilo moja huenda kuna mfereji ulioziba tangu masika iliyopita, rundo la matairi chakavu nyuma ya gereji, au barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Mambo hayo hayaingii kwenye faili, lakini ndiyo yanayomrudisha mgonjwa yule yule hospitalini baada ya miezi michache.

Makala haya yanaeleza njia rahisi ya kuujaza mstari huo: kutembea mitaani kwa mpangilio na kupiga picha za kila mtaa bila kuuruka hata mmoja. Gharama yake ni ndogo, na faida yake humfikia anayetembea pamoja na jirani zake.

Asili ya utaratibu huu

Kupiga picha za mitaa kwa ajili ya afya si jambo jipya. Katika karne ya 19 jiji la Glasgow, nchini Scotland, lilikuwa na vichochoro vilivyosongamana watu, na homa ya tifasi iliyoenezwa na chawa ilikuwa ikirudi mara kwa mara. Mwaka 1866 ilipitishwa sheria ya kuliboresha jiji, na kuanzia mwaka 1868 mpigapicha Thomas Annan aliagizwa kupiga picha za vichochoro hivyo kabla havijabomolewa. Picha zake zinaonyesha kuta zilizokaribiana mno, nguo zilizoanikwa juu ya njia, na mchirizi wa maji machafu ukipita katikati ya miguu ya watu.

Picha hizo zina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba maradhi yana anwani, na anwani hiyo inaweza kuonekana kwa macho. La pili ni gumu zaidi: nyumba zilipobomolewa, wapangaji maskini walilazimika kuhama na kwenda kutafuta vyumba kwingine. Hivyo picha ya mtaa inaweza kumtibu mkazi, na inaweza pia kumwondoa. Suala hilo tutalirudia.

Somo kutoka Dar es Salaam

Hapa kwetu mfano bora ni Mpango wa Kudhibiti Malaria Mijini, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2004 katika kata 15. Wakazi waliochaguliwa walipewa maeneo yao na kuyapitia kwa miguu, kiwanja kwa kiwanja, wakitafuta mazalia ya mbu. Mwanzoni kila mmoja alichora kwa mkono ramani ya shina lake, yaani nyumba zilizo chini ya mjumbe mmoja. Baadaye ramani hizo zililinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani.

Ulinganisho huo ulifichua jambo ambalo kila mhudumu wa afya anapaswa kulikumbuka. Yalikuwapo maeneo makubwa ambayo hayakuchorwa na mtu yeyote, hasa yale yasiyo na makazi ya watu, ambayo kwa hiyo hayakuhesabiwa chini ya mjumbe yeyote. Mbu hajali mipaka ya mashina. Bwawa la maji lililo katika eneo lisilo na mwenyewe hulisha nyumba zote zinazolizunguka. Kwa sababu hiyo, ramani zilisahihishwa kabla dawa ya kibaolojia ya kuua viluwiluwi haijaanza kunyunyizwa katika kata za mwanzo mwaka 2006.

Hapo ndipo penye kiini cha utaratibu huu. Mtu akipiga picha za yale tu yanayomvutia au kumchukiza, atarudi na picha nzuri zisizo na takwimu. Akipiga kila kitalu cha nyumba, kile kisafi na kile kichafu, chenye watu na kisicho na watu, atarudi na ushahidi. Picha ya mtaa usio na tatizo ina thamani sawa na ya mtaa wenye tatizo, kwa kuwa bila hiyo hatuna cha kulinganisha.

Namna ya kuanza

Katika maeneo yaliyopimwa, kama Kariakoo, kazi ni nyepesi. Mitaa kama Kongo, Swahili, Sikukuu na Narung’ombe imenyooka na kukatana, hivyo mtembeaji anaweza kumaliza mmoja, kugeuka kwenye kona na kuushika unaofuata. Katika maeneo yasiyopimwa, kama Tandale, njia hupinda na kupotelea uani kwa watu. Huko ni bora kugawa eneo kwa alama zinazojulikana: kisima, msikiti, kanisa, mti mkubwa, daraja la waenda kwa miguu. Kazi ya namna hiyo inawezekana: kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam katika kuchora ramani za mitaa inayokumbwa na mafuriko.

Katika kila kitalu piga picha mbili za barabara, moja kutoka kila mwisho, kisha picha ya kila mfereji, jaa la taka na chombo chochote kilichotuamisha maji. Andika katika daftari jina la mtaa, tarehe na namba ya picha. Rudi baada ya mvua za masika na za vuli, usimame mahali pale pale. Picha mbili za mfereji mmoja, zilizopigwa kwa miezi mitano tofauti, humweleza mwenyekiti wa serikali ya mtaa mambo ambayo malalamiko ya mdomo hayawezi kumweleza.

Nini kitazamwe

Jiji la Dar es Salaam lilikumbwa na milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wa Aedes anayeieneza huuma hasa mchana, na huzaliana katika maji kidogo yaliyotuama karibu na watu: matairi, ndoo, madumu yaliyokatwa, vifuu vya nazi, sahani za vyungu vya maua. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, kwa hiyo tairi kavu la mwezi wa Agosti lisipuuzwe. Katika joto la pwani, yai huweza kuwa mbu mpevu kwa takriban siku 7 hadi 10. Ndiyo maana vyombo humwagwa na kusuguliwa kila wiki, wala si kila mwezi.

Tazama pia vyoo vinavyotiririsha maji wakati wa mvua, mabomba ya maji yanayopita ndani ya mitaro, na sehemu ambazo mtoto wa shule au mzee mwenye mkongojo hulazimika kushuka barabarani kati ya bodaboda na magari.

Faida kwa mtembeaji mwenyewe

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Wagonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu wanaifahamu nasaha hii, lakini wengi huichoka kwa kuwa kutembea bila shughuli huwaonea uchovu. Mwenye mitaa ya kukamilisha ana sababu ya kutoka kesho. Nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, inatosheleza kiwango cha chini cha pendekezo hilo, mradi mwendo uwe wa kuchangamka kati ya kituo na kituo.

Mgonjwa wa kisukari avae viatu vilivyofungwa na soksi, akague nyayo zake arudipo, na kama anatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, awe na glukosi au sukari mfukoni. Kila mtembeaji abebe maji na achague asubuhi au jioni. Anayebanwa na kifua au kuishiwa pumzi asimame na atafute matibabu mara moja. Simu itazamwe mtu akiwa amesimama, kamwe asiitazame huku akitembea.

Staha na usalama

Tunachopiga picha ni mazingira. Watu si walengwa. Mtu anayetoka kliniki ya kifua kikuu au ya wanaoishi na Virusi vya UKIMWI akionekana katika picha iliyosambazwa, madhara ya unyanyapaa hayafutiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inalinda faragha hiyo. Omba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera uani kwa mtu, jitambulishe kwanza kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na usipige picha za maeneo ya kijeshi na ya ulinzi. Picha za simu huweza kubeba taarifa za mahali zilipopigwa. Zizime kabla ya kuzituma.

Hapa ndipo somo la pili la Glasgow linaporudi. Wakazi wa makazi yasiyopimwa wana haki ya kuhofia kamera, kwa maana wamewahi kuona kipimo kikifuatiwa na bomoabomoa. Kwa hiyo picha zionyeshwe kwanza kwa wakazi wenyewe, katika mkutano wa mtaa, na wao ndio waamue zipi ziende kwa afisa afya wa kata na kwa ombi gani. Ombi liwe mahususi: kuzibua mfereji huu, kuondoa matairi haya, kujenga kivuko hapa.

Mhudumu wa afya anaweza kuanza na mitaa inayozunguka zahanati yake, na mgonjwa anaweza kuanza na mtaa wake mwenyewe. Mgonjwa ajaye akitaja anapoishi, mhudumu awe na swali la pili la kumuuliza: ni upande gani wa mfereji?