Neno «-zima»: maana yake na matumizi yake

Hapa Aveba, kama katika Ituri yote, watu wanasalimiana hivi: «Uko muzima?» Na jibu ni: «Niko muzima.» Neno hili linajulikana sana, ndiyo sababu wengi hawachunguzi maana zake. Lakini anayehubiri na anayefundisha katekisimu wanapaswa kuzitenganisha. Nazo ni nne.

1. Aliye hai, kwa Kilatini vivus. Kuku mzima sokoni ni yule asiyechinjwa bado. Siku za vita, mtu akiuliza habari za jamaa waliokimbia, «Ni wazima?», hakuuliza juu ya homa. Alitaka kujua nani amebaki.

2. Asiye na ugonjwa, sanus. Ndiyo maana ya salamu yetu.

3. Kisichopungua wala kuvunjika, integer, totus. Kikombe kizima, yai zima, siku nzima, kijiji kizima. Kuku mzima mezani ni yule asiyeondolewa hata paja. Katika mazungumzo yetu twasema «muzima» kwa kila kitu: «siku muzima», «inchi muzima». Tusimcheke asemaye hivyo. Lakini tukiandika, tufuate kanuni ya ngeli.

4. Aliyekomaa, adultus. Mtu mzima si mtoto tena. Hapa tuangalie sana. Tukitangaza «ubatizo wa watu wazima», mgonjwa aweza kudhani kwamba yeye hahusiki, na kumbe ndiye tunayepaswa kumfikia upesi. Basi tuongeze: «waliokomaa kwa umri, wagonjwa pia».

Tena tusilichanganye na kitendo «kuzima». Moto mzima unawaka. Moto uliozima ni majivu.

Sasa jina linalotoka katika kivumishi hiki: uzima. Vita aeterna twaiita uzima wa milele. Kwa nini si maisha tu? Maisha, neno lenye asili ya Kiarabu, laonyesha zaidi muda na namna ya kuishi. Uzima unakusanya maana zote nne: kuwa hai, bila ugonjwa, bila upungufu, na kukomaa.

Mkatekista akimweleza mama mzee, mwenye maumivu ya miaka mingi, kwamba uzima wa milele ni siku zisizo na mwisho, amempa robo tu ya neno. Na robo hiyo yaweza kumtisha: nani anataka maumivu yasiyo na mwisho? Amweleze na robo tatu zilizobaki.